Maswali ya Wasomaji: Wanyama Hupitaje Majira ya Baridi Kali?

Tangu tulipochapa picha ya dubu mweupe katika toleo lililopita, maswali kuhusu wanyama wa nchi za baridi yamekuwa yakiingia ofisini kwetu kwa wingi kuliko ya mada nyingine yoyote. Hilo linaeleweka. Mkazi wa Dar es Salaam, ambaye usiku wa Julai ukishuka hadi nyuzi 18 au 19 hutafuta shuka la pili, ana kila sababu ya kushangazwa na kiumbe kinachotaga na kulea kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Kabla ya kujibu, naomba msomaji ashike jambo moja ambalo litajitokeza katika karibu kila jibu: joto la mwili hutengenezwa kwa chakula, na majira ya baridi huja pamoja na uhaba wa chakula, kwa hiyo wanyama wengi wanaokufa wakati huo huuawa na njaa kabla ya baridi yenyewe kuwamaliza.

Ndugu mwandishi, salaam. Wanafunzi wangu wa darasa la sita waliniuliza kwa nini mnyama asiye na nguo wala moto hafi kwa baridi, nikawaambia kwamba ana manyoya. Wakaniuliza tena: miguu ya bata haina manyoya, mbona haigandi anaposimama juu ya barafu? Naomba msaada wako. — Mwalimu wa shule ya msingi, Temeke

Wafikishie wanafunzi wako pongezi zangu, Mwalimu, kwani wameuliza vizuri. Tuanze na manyoya. Blanketi halina joto lake lenyewe. Kazi yake ni kulizuia joto la aliyejifunika lisitoke haraka, na manyoya hufanya vivyo hivyo kwa kunasa hewa katikati ya vinyweleo, kwa sababu hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Mnyama akisikia baridi, misuli midogo iliyo kwenye mashina ya vinyweleo hukaza na kuvisimamisha ili tabaka la hewa liwe nene zaidi. Sisi binadamu bado tunayo misuli hiyo. Malaika ya mikononi yanaposimama kwa upepo wa asubuhi pale kwenye kivuko cha Kigamboni, mwili unajaribu kutunisha manyoya ambayo hatunayo tena.

Anayetegemea manyoya kuliko wote ni fisi-maji wa baharini, aishiye katika pwani za Alaska na California. Yeye hana shahamu nene kama sili au nyangumi, bali ana vinyweleo vinavyoweza kuzidi 100,000 katika sentimita moja ya mraba, na kila siku hutumia saa nyingi kuyasafisha manyoya hayo na kuyatia hewa. Mafuta ya meli yakimwagika baharini na kuyagandisha, maji hupenya hadi kwenye ngozi na mnyama hufa kwa baridi. Hata akiwa mzima, hulazimika kula chakula chenye uzito unaokaribia robo ya uzito wa mwili wake kila siku, kwani bila kula hivyo tanuri la ndani huzimika.

Wengine wamejaliwa shahamu. Yupo nyangumi mkubwa anayeishi mwaka mzima katika maji ya Aktiki, yaani ncha ya kaskazini ya dunia, ambaye tabaka lake la shahamu chini ya ngozi linaweza kukaribia unene wa nusu mita. Shahamu ina faida mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu huzuia joto lisitoke na pia ni akiba ya chakula ambayo mnyama huibeba mwilini, na kwa maoni yangu hiyo faida ya pili ndiyo isiyopewa uzito unaostahili katika vitabu vya shule.

Suala la umbo nalo lina nafasi yake. Mwili hutengeneza joto ndani na kulipoteza kupitia ngozi, kwa hiyo mnyama mkubwa, ambaye eneo la ngozi yake ni dogo likilinganishwa na ujazo wa mwili wake, hupoa polepole kuliko mnyama mdogo. Mjerumani Carl Bergmann aliandika mwaka 1847 kwamba wanyama wa jamii moja huelekea kuwa wakubwa zaidi katika sehemu za baridi, na mwaka 1877 Mmarekani Joel Allen akaongeza kwamba masikio, mikia na miguu yao huelekea kuwa mifupi. Mbweha wa Aktiki ana masikio madogo ya mviringo, ilhali tembo wetu wa Mikumi ana masikio mapana anayoyapepea ili apoe. Wapo wanyama wasiofuata kanuni hizi, lakini kwa darasa la sita zinatosha kabisa.

Sasa miguu ya bata. Ndani ya mguu wake, mishipa inayopeleka damu ya moto chini imepita bega kwa bega na mishipa inayorudisha damu ya baridi juu. Damu inayoshuka huiachia joto lake ile inayopanda, kwa hiyo hufika kwenye wayo ikiwa imekwisha kupoa, na ile inayorudi huingia mwilini ikiwa imekwisha kupashwa. Wayo hubaki na joto kidogo tu juu ya sifuri, kiasi cha kutosha usigande, na kwa kuwa tofauti kati yake na barafu ni ndogo, joto linalopotea ni dogo pia. Sehemu ile ya mguu ina mifupa na kano zaidi kuliko misuli, kwa hiyo hustahimili ubaridi bila madhara. Bata anapokunja mguu mmoja na kuuficha katika manyoya ya tumbo, anakuwa amepunguza upotevu huo kwa nusu.

Shikamoo mwandishi. Nimesikia kwamba dubu hulala miezi yote ya baridi bila kula wala kukojoa. Je, hilo linawezekana? Mbona sisi tukikaa siku chache tu bila maji tunakufa? — Mwanafunzi wa kidato cha pili, Kigamboni

Marahaba, mwanangu. Ni kweli tupu. Dubu mweusi wa Amerika ya Kaskazini anaweza kukaa katika pango lake miezi 5 hadi 7 bila kula, kunywa, kukojoa wala kwenda haja kubwa. Maji anayoyahitaji huyapata kutokana na kuunguzwa kwa shahamu yake mwenyewe, kwa kuwa shahamu inapovunjwa mwilini hutoa maji pamoja na nishati. Taka ya urea, ambayo kwetu ingejikusanya katika damu na kutuua, kwake huvunjwa na kutumika tena kutengeneza protini, na ndiyo sababu huamka akiwa amepoteza shahamu nyingi lakini misuli yake ikiwa bado ina nguvu. Joto la mwili wake hushuka kwa nyuzi chache tu, hadi kwenye 30 na kitu, lakini mapigo ya moyo hupungua sana, na matumizi ya nishati hupungua pamoja nayo.

Ajabu kubwa zaidi ni ya dubu jike. Hupandwa majira ya joto, lakini yai lililorutubishwa halijipandikizi katika mji wa mimba mpaka majira ya kupukutika kwa majani, na kama mama hakufaulu kujinenepesha vya kutosha mimba haiendelei. Akiwa na akiba, huzaa katikati ya baridi, ndani ya pango, watoto wasiofikia hata nusu kilo kila mmoja, akawanyonyesha kwa miezi kadhaa huku yeye mwenyewe hajatia kitu kinywani. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi kiasi hiki kwamba hesabu ya majira ya baridi ni hesabu ya chakula.

Kwa kweli dubu si bingwa wa usingizi huu. Kindi wa ardhini wa Aktiki hulala chini ya udongo ulioganda kwa miezi 7 hadi 8, na mwaka 1989 mtafiti Brian Barnes wa Alaska alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba joto la mwili wake hushuka hadi nyuzi 2.9 chini ya sifuri bila damu kuganda. Hakuna mnyama mwingine anyonyeshaye aliyejulikana kufika huko. Kila baada ya wiki mbili au tatu kindi huyo hutetemeka, huunguza shahamu maalumu ya rangi ya kahawia iliyoko mabegani, hupanda tena hadi kwenye nyuzi 36 hivi kwa muda usiofika siku nzima, kisha hupoa upya. Safari hizo fupi za kujipasha ndizo zinazokula sehemu kubwa ya akiba yake ya baridi. Shahamu hiyo ya kahawia, mwanangu, hata wewe ulizaliwa nayo, kwa kuwa mtoto mchanga wa binadamu hujipasha kwayo kabla hajaweza kutetemeka vizuri.

Na wale wadogo wasioweza kulala hivyo hufanyaje? — Msomaji, Tabata

Hupunguza matumizi kila wanapoweza. Ndege mdogo wa Amerika ya Kaskazini aitwaye chikadii, mwenye uzito wa gramu 11 hivi, hushusha joto la mwili wake kwa nyuzi 10 au zaidi kila usiku wa baridi, na mchana hufukua mbegu alizozificha mojamoja katika mamia ya mahali. Huko Ulaya yupo mnyama mdogo anayefanana na panya mwenye pua iliyochongoka, ambaye hulazimika kula karibu mfululizo usiku na mchana. August Dehnel wa Poland aligundua mwaka 1949 kwamba mnyama huyo, baridi inapokaribia, hupunguza hata fuvu la kichwa chake, na ubongo nao hupungua, kisha hukua tena majira ya kuchipua yanapofika. Ubongo ni kiungo kinachokula nishati nyingi, na kwa mnyama asiye na mahali pa kuweka akiba hata ubongo huingia katika mpango wa kubana matumizi.

Nasikia kuna chura anayeganda kama barafu na kufufuka. Naomba ukanushe au uthibitishe, maana kijiweni kwetu tumebishana mpaka tumegombana. — Msomaji, Manzese

Pataneni, kwa sababu habari hiyo ni ya kweli. Chura wa msituni wa Amerika ya Kaskazini, anayepatikana hadi Alaska, hujificha chini ya majani yaliyoanguka, mahali ambapo baridi humfikia moja kwa moja. Barafu inapoanza kujijenga chini ya ngozi yake, ini humimina ndani ya damu kiasi kikubwa mno cha sukari ya glukosi, ambayo huingia katika chembe hai na kuzuia maji yaliyomo yasigande wala kutoka yote. Barafu hujaa nje ya chembe, katika nafasi za tumboni na chini ya ngozi, hadi karibu theluthi mbili ya maji yote ya mwili wake yawe yameganda. Moyo husimama, kupumua hukoma, na ukimshika ni mgumu kama jiwe. Joto likirudi, moyo huanza kupiga, na baada ya muda mfupi chura huruka kwenda kutafuta mwenza. Kumwita mfu wakati ule si sahihi, kwa kuwa chembe zake ni hai, ila zimesimamisha kazi karibu zote.

Mimi ni mvuvi, Kunduchi. Ziwa likiganda, samaki waliomo huponaje?

Ndugu yangu, samaki huokolewa na tabia moja ya maji. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa kwenye nyuzi 4. Yakipoa zaidi ya hapo huwa mepesi na kupanda juu, na barafu yenyewe huelea. Ziwa hugandia juu, barafu ikawa kifuniko, na chini hubaki maji ya nyuzi 4 ambamo samaki hutembea polepole na kula kidogo au kutokula kabisa. Baharini hali ni ngumu zaidi, kwa sababu chumvi huyaacha maji yabaki majimaji hadi nyuzi 1.9 chini ya sifuri, na kwa ubaridi huo damu ya samaki wa kwetu ingeganda. Katika miaka ya 1960 Mmarekani Arthur DeVries aliwachunguza samaki wa Antaktiki, yaani ncha ya kusini ya dunia, na kukuta katika damu yao protini zinazong'ang'ania kila punje ya barafu inayojitokeza na kuizuia isikue.

Nyuki wa Ulaya wanaofugwa kwenye theluji huwa wanalala kama dubu? — Mnunuzi wa asali, Sinza

Hawalali. Hukusanyika ndani ya mzinga wakiwa wamemzunguka malkia, wakitikisa misuli ya mabawa bila kuyapiga mabawa yenyewe, na mtikisiko huo huzalisha joto. Kukiwa na watoto, katikati ya kundi hubaki karibu nyuzi 35 hata nje kukiwa na theluji. Walio pembeni husongamana na kuwa ukuta wa kuzuia baridi, na hupokezana nafasi na walio ndani. Mafuta ya tanuri hilo ni asali, na mfugaji anayerina mzinga mzima bila kubakiza kitu, au bila kuwapa nyuki sukari badala yake, hufungua mzinga wake majira ya kuchipua na kukuta nyuki wamekufa.

Kila mwaka kuanzia Septemba huwaona ndege wadogo wa kijivu wakikimbiakimbia kwenye tope, pale Mto Msimbazi unapoingia baharini, kisha ikifika Aprili au Mei hutoweka. Mjukuu wangu anasema wamekimbia baridi ya Ulaya. Je, ni kweli? — Mzee wa Upanga

Shikamoo, Mzee. Mjukuu wako amekaribia sana, na ningependa kuongeza neno moja tu kwenye jibu lake: wamekimbia njaa. Miongoni mwa vitwitwi unaowaona hapo wamo wanaozaliana katika nyika za Siberia, karibu kabisa na Bahari ya Aktiki, na mmoja wao, yule mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini, ana uzito wa gramu 60 hivi. Manyoya yake yangeweza kuvumilia ubaridi mwingi. Asichoweza kuvumilia ni tope lililoganda, kwa sababu mdomo wake umeumbwa kwa ajili ya kuchokoa minyoo na konokono wadogo, na tope likishakuwa gumu kama sakafu chakula chote hufungiwa chini. Kabla ya kuondoka hujaza shahamu mwilini, na baadhi ya ndege wa jamii hizi hukaribia kuongeza uzito wao maradufu, kisha huiunguza njiani.

Wageni wetu wa namna hiyo ni wengi. Mbayuwayu wa Ulaya, mwenye gramu 20 tu, huvuka Sahara. Kozi wa Amur hutoka mashariki ya Asia, hupitia India, kisha huvuka Bahari ya Hindi zaidi ya kilomita 3,000 bila mahali pa kutua, akapitia kwetu akielekea kusini mwa Afrika. Korongo weupe, ambao wakulima wa bara huwafurahia kwa kuwa hula viwavijeshi na nzige, hutegemea hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na kwa sababu bahari haitoi hewa ya namna hiyo hulazimika kuizunguka Bahari ya Kati badala ya kuikatiza.

Korongo hao ndio waliowafumbua macho Wazungu wenyewe kuhusu safari hizi. Tangu enzi za Aristotle wengi waliamini kwamba mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi, na mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu kutoka Uswidi, alichapisha kitabu chenye picha ya wavuvi wakiwavua mbayuwayu kutoka majini. Mwaka 1822, karibu na Klütz huko Ujerumani, akapigwa korongo aliyekuwa na mkuki wa Kiafrika uliopenya shingoni mwake. Alikuwa amechomwa huku kwetu Afrika na akaruka nao hadi Ulaya. Ndege huyo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock hadi leo. Wale wa zamani, hata hivyo, hawakukosea kabisa, kwani Desemba 1946 Edmund Jaeger alimkuta katika milima ya jangwa la California ndege mmoja wa usiku, mla wadudu, akiwa amelala usingizi wa majira ya baridi katika upenyo wa mwamba.

Naomba niseme waziwazi, Mzee, kwamba tope la Msimbazi ni ghala la chakula. Kila mfuko wa plastiki unaotupwa mtoni na kila mkoko unaokatwa hupunguza akiba ambayo ndege huyo ataiunguza akirejea Siberia. Delta ya Rufiji pamoja na maeneo ya Mafia na Kilwa iliorodheshwa mwaka 2004 chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, kwa ajili ya thamani yake kama ardhioevu, lakini ndege hawasomi orodha, na midomo ya mito ya hapa mjini inawafaa vilevile.

Nafuga kuku Chanika. Mwezi Juni na Julai vifaranga wangu wa siku chache hufa kwa wingi ingawa nawapa chakula kizuri. Jirani anasema ni baridi, lakini Dar kuna baridi gani? — Mama mfugaji

Pole sana, mama. Jirani yako ana haki. Kifaranga wa siku moja hawezi bado kutunza joto la mwili wake mwenyewe. Ana malaika mepesi badala ya manyoya kamili, na mwili wake ni mdogo, kwa hiyo hupoa haraka sana. Wiki ya kwanza anahitaji mazingira ya nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza nyuzi 3 hivi kila wiki mpaka manyoya yaote. Usiku wa nyuzi 19, ambao kwako wewe ni wa kupumzika, kwake ni baridi ya kuua, hasa akiwa amelowa, kwa kuwa malaika yaliyolowa hayanasi hewa tena. Kifaranga aliyepata baridi haendi kwenye chakula hata kiwe kizuri namna gani. Hujikunyata na wenzake mpaka wa katikati wakakosa hewa.

Waangalie wanavyokaa, maana ni kipimo kizuri kuliko kubahatisha: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia pembeni huku wamepanua midomo wana joto, na wakitawanyika sawasawa wakila na kulala wako vizuri. Weka maranda makavu ya kutosha na yabadilishe yakilowa, ziba upepo unaopita chini karibu na sakafu, lakini acha hewa iingie kwa juu. Ukitumia jiko la mkaa, tafadhali usilifungie bandani, kwa sababu moshi wake usioonekana huua vifaranga na huweza kukuua wewe pia. Kama una kuku wa kienyeji anayelea, yeye huwafunika kwa mbawa zake na ngozi yake ya tumboni huwapa joto hilo bila umeme wala mkaa.

Shikamoo. Kwa nini baba pengwini ndiye anayelalia yai? — Mwanafunzi wa darasa la nne, Mbagala

Marahaba, mjukuu wangu. Mama pengwini wa jamii ya emperor, ambao ndio wakubwa kuliko wote, akishataga yai lake moja huwa amechoka na amekonda, kwa hiyo humkabidhi mwenzake na kwenda baharini kula kwa muda wa miezi 2 hivi. Baba hulishika yai juu ya miguu yake, akalifunika kwa ngozi iliyokunjika ya tumboni, ili lisiguse barafu. Baridi inaweza kupita nyuzi 40 chini ya sifuri, na upepo ni mkali, hivyo akina baba husimama wameshikamana kwa mamia au maelfu na kusogea hatua ndogondogo ili kila mmoja apate zamu ya kukaa ndani. Katikati ya kundi joto limewahi kupimwa likapanda hadi nyuzi 37. Tangu afike mahali pa kutagia hadi mama arudi, baba hukaa miezi karibu 4 bila kula, na kifaranga akitotolewa kabla mama hajafika, baba humlisha majimaji kama maziwa yanayotoka kooni mwake.

Je, hapa Tanzania hakuna mnyama anayepambana na baridi? Mimi ni mtu wa Makete na najua jalidi ilivyo. — Msomaji, Ubungo

Wapo, na hawatangazwi inavyostahili. Mbega wa misitu ya Kilimanjaro ana manyoya marefu na mkia mnene kuliko ndugu zake wengi wa maeneo ya joto. Pimbi, ambaye joto la mwili wake hupandashuka kwa urahisi, huota jua juu ya mawe asubuhi na kujirundika na wenzake usiku, na kwa namna hiyo huokoa chakula. Kinyonga wa milimani hujigeuza rangi kuwa mweusi alfajiri ili anyonye joto la jua haraka, na jamii kadhaa za vinyonga wa sehemu za juu huzaa watoto hai badala ya kutaga, kwa kuwa mama anaweza kuyahamisha mayai yaliyo tumboni mwake kufuata jua, jambo ambalo yai lililofukiwa kwenye udongo baridi haliwezi.

Kama dunia inazidi kupata joto, basi si nafuu kwao? — Msomaji, Mwananyamala

Kwa wengi wao si nafuu. Theluji nene ni paa: nje kukiwa na nyuzi 30 chini ya sifuri, chini yake karibu na ardhi joto hubaki karibu na sifuri, na panya wengi huishi humo majira yote wakila nyasi na mizizi. Theluji ikipungua, baridi iliyobaki huwafikia moja kwa moja. Mvua ikinyesha juu ya theluji kisha ikaganda, hufanya gamba gumu ambalo wanyama wa kaskazini wanaokula kuvumwani (ukoga unaoota ardhini na kwenye mawe) hawawezi kulichimba, wakafa kwa njaa huku chakula kiko chini ya kwato zao. Pengwini nao huhitaji barafu ya baharini isivunjike kabla vifaranga hawajaota manyoya ya kuzuia maji. Mwaka 2016 barafu ya Halley Bay huko Antaktiki ilivunjika mapema, na karibu vifaranga wote wa kundi kubwa la pengwini waliokuwa wakizaliana pale wakaangamia.

Sungura wa theluji wa Amerika ya Kaskazini ana tatizo la namna yake. Hubadilika kutoka kahawia kuwa mweupe kwa kufuata urefu wa mchana, ambao haubadiliki hata theluji ikichelewa, kwa hiyo siku hizi huonekana mweupe kabisa juu ya ardhi ya kahawia, na wawindaji wake humwona toka mbali. Hata hivyo, katika pwani ya magharibi ya Marekani, ambako theluji ni haba, wapo sungura wa jamii hiyo hiyo wanaobaki kahawia mwaka mzima, na mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba jeni inayowawezesha kufanya hivyo waliipata zamani kwa kuzaliana na sungura wa jamii nyingine. Palipo na jeni hiyo, uteuzi wa asili, yaani kuzaliana zaidi kwa wale wanaofaa mazingira, una kitu cha kufanyia kazi, lakini wanyama wengine wengi niliowataja hapa hawajajulikana kuwa na akiba ya namna hiyo.